Mjadala: Manjano ya nano ya kuzuia saratani yauzwe kama chakula au yapimwe kama dawa?

Mkemia: Unga wa manjano una kurkumini, kiini chake cha rangi ya njano, asilimia 3 hivi. Haiyeyuki majini, na kidogo kinachopenya hubadilishwa upesi na utumbo na ini. Hata anayemeza gramu 8 kwa siku, damuni huonekana kiasi hafifu mno. Chembe za nano, yaani ndogo mno, za kupimwa kwa sehemu za bilioni za mita, zinatatua hilo. Kurkumini na polima ya PLGA (plastiki inayooza mwilini) huyeyushwa pamoja katika kiyeyushi cha asetoni, kisha hudondoshwa polepole kwenye maji yenye PVA (polima inayozuia chembe zisishikamane) yanayokorogwa mfululizo. Asetoni ikishaondoka, zinabaki chembe za nanomita 150 hivi, kurkumini ikiwa ndani. Ukimimina kwa pupa zinatoka kubwa kwa ndogo. PVA ikipungua zinagandamana, na kesho yake unakuta mashapo ya njano chini ya chupa. Ni kazi inayowezekana hapa Nairobi. Tusiizibie njia kwa urasimu wa dawa.

Mfamasia: Ndugu, maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba hicho si chakula tena. Kijiko cha manjano kwenye pilau hakimdhuru mtu kwa sababu mwili hauchukui karibu chochote. Miligramu 20 za pipirini ya pilipili manga, zikimezwa na gramu 2 za kurkumini, zilipandisha kiwango cha damuni takriban mara 20. Marekani na Italia wameshaandika visa vya ini kuvimba kwa watumiaji wa vidonge vya manjano, vingine vikiwa na pilipili manga ndani. Halafu wewe unataka kipenye zaidi, bila kibali?

Mkemia: Paklitakseli, dawa ya saratani iliyotokana na gome la mti, ilifungwa kwenye albumini, protini ya damu, chembe za nanomita 130 hivi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Mfamasia: Na hiyo hudungwa mgonjwa, huku damu yake ikipimwa. Kinga humezwa na mtu asiyeumwa, miaka nenda miaka rudi. Ufini walijaribu beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A, miligramu 20 kwa siku, kwa wavutaji sigara, wote wanaume, katika utafiti wa watu 29,133. Matokeo ya 1994: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Nayo ilikuwa imesifiwa sana kabla ya hapo.

Mpimaji wa maabara: Naongeza jambo linalosahaulika. Kurkumini hung'aa yenyewe chini ya mwanga, kwa hiyo huvuruga vipimo vinavyosoma mng'ao, ukadhani imeua seli kumbe ni rangi yake. Kila jaribio liwe na chembe tupu, zisizo na kurkumini, pembeni kwa kulinganisha, maana polima na PVA navyo vinaweza kuleta athari. Msambazaji aonyeshe pia kiasi kinachovuja katika saa 2 za asidi ya tumbo, na asetoni iliyobaki isizidi sehemu 5,000 kwa milioni. Cheti kinachotaja ukubwa wa chembe peke yake nakirudisha.

Mkemia: Hayo nayakubali, na kibali cha dawa pia, kwa chochote kinachoandikwa "huzuia saratani". Ninachokataa ni kufunga utafiti. Tuanze na watu wachache, miezi 3, ini likipimwa kila wiki 4.

Mfamasia: Kila wiki 2 kwa mwezi wa kwanza. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiingizwe.