Tekken Jumamosi – Langa Langa

[18:41] Shiro: Wapendwa, Jumamosi ndiyo hiyo. Tekken 7, ile gemu ya mapigano, saa nne asubuhi, kibarazani kwa Mzee Wafula. Nafasi ni 16, nina majina 9. Jiandikisheni hapa hapa, msinitumie kando.

[18:42] Shiro: Kiingilio 200 bob. Mwenye padi ya kuchezea gemu aje nayo na kebo yake.

[19:15] Brayo: Niandike

[19:16] Brayo: Na yule mhusika Eddy apigwe marufuku, mtu asimchague

[19:17] Kim: 😂😂 ameanza

[19:18] Brayo: Sicheki. Mtu anamchagua Eddy, anakanda vitufe vya X na duara kama unga wa chapati halafu anaingia nusu fainali

[19:19] Oti: Jina langu halijatajwa lakini nimelisikia

[19:27] Shiro: Eddy anabaki. Brayo, dawa yake unayo, huitumii tu. Akiwa chini anabingirika, wewe unampiga ngumi za juu, na ngumi za juu zinampita kichwani. Piga za kati. Akirusha teke la chini, chuchumaa na uzuie, au umrukie na teke la kuruka: miguu yako iko hewani, teke lake linapita chini yako, lako linamnyanyua. Kisha mfuate ukutani.

[19:28] Brayo: Najua. Mkono ndio unachelewa

[19:29] Kim: Mkono au umri 😂

[19:29] Oti: Leteni liniment

[19:30] Baba Tasha: Ile ya ng'ombe ndiyo kali

[19:36] Shiro: Tafadhali, hapo Brayo amesema jambo la maana. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Teke la chini la polepole hadi likufikie ni fremu 25 hivi. Jicho lione, kidole kibonyeze, hizo ni kama 15. Zinabaki 10. Gemu yenyewe inakula kadhaa, na TV ikiwa kwenye hali ya sinema inakula zingine kwa kusafisha picha. Unaona teke, unachuchumaa, na tayari limekuingia.

[19:37] Shiro: Sasa anayeumia ni nani? Ni anayesubiri aone ndipo azuie. Anayebonyeza bila kuangalia hapotezi chochote. Kwa hiyo huyo Eddy mnayemlalamikia, nusu yake ni TV.

[19:41] Kim: Hiyo sijawahi kuifikiria

[19:42] Brayo: Lakini kuna wahusika waliozidi kweli. Leroy je?

[19:50] Shiro: Leroy alizidi, sikatai. Alitoka Desemba 2019, na Januari 2020 kule EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, watu 6 kati ya 8 waliobaki mwishoni walikuwa naye. Book wa Thailand akashinda naye. Hata hivyo hakufungiwa pale, waliotengeneza gemu ndio waliompunguza makali baadaye. Eddy si Leroy. Eddy anamshinda asiyefanya mazoezi.

[19:51] Shiro: Ingieni mazoezini, mrekodi yale mateke ya chini, konsoli iyarudie, mzuie dakika 20 kila siku hadi Ijumaa.

[19:58] Shiro: Turudi kwa TV. Zinahitajika mbili. Ya kwangu iko sawa. Baba Tasha, ya pili ni yako. Ingia menyu, upande wa picha, uweke hali ya gemu. Kisha simu yenye video ya polepole, picha 240 kwa sekunde: rekodi kidole na skrini kwa pamoja, hesabu picha tangu kitufe kibonyezwe hadi ngumi ianze kusogea. Picha 4 za simu ni fremu 1 ya gemu. Nitapima yangu pia. Zikitofautiana kwa picha 12, hizo ni fremu 3, na hatuwezi kumhamisha mtu kutoka TV moja hadi nyingine katikati ya mashindano.

[20:20] Baba Tasha: Na watoto wanaotaka mpira wa FIFA?

[20:27] Shiro: Tekken ya watu 16, anayeshindwa mara mbili ndiye anatoka, ni seti 30, yaani mapambano 30, ikibidi 31. Seti moja dakika 10. Kwa TV mbili ni saa mbili na nusu, lakini fanya tatu, kwa sababu mwishoni seti zinangojana na TV moja inakaa bure. Mpira wa dakika 6 kila kipindi ni 17 ukihesabu kuchagua timu. Watoto 8, mechi 7, saa mbili. Wakiwa 8 inawezekana. Wakiwa 16 sahau.

[20:28] Kim: Na ile padi ya Desemba?

[20:28] Oti: Kim, tusirudi huko

[20:29] Kim: Tunarudi. Raundi ya mwisho, mechi inasimama, padi iko mfukoni mwa mtu aliyeketi nje

[20:30] Oti: Ilijibonyeza

[20:31] Kim: Na mimi nikapoteza raundi

[20:38] Shiro: Kim ana haki yake, na Oti hakukusudia. Safari hii padi zote zinafutwa kwenye orodha ya bluutuuthi kabla ya kuanza, na kwenye mipangilio mawasiliano yawe kwa kebo ya USB. Kebo za kuchajia tu hazipitishi data: padi inawaka, haiungani. Zijaribiwe Ijumaa. Atakayesimamisha mechi, hata kwa bahati mbaya, anapoteza raundi hiyo.

[20:39] Oti: Sawa

[20:39] Kim: Mngesema hivyo Desemba

[21:12] Mzee Wafula: Nimesoma yote. Kibaraza mtapata. Lakini kukusanya mia mbili za watu kisha mmoja aondoke nazo, hiyo ni kamari, na kwangu haichezwi. Saa kumi na moja jioni nataka nyumba kimya, kuna mgonjwa.

[21:40] Shiro: Shikamoo Mzee. Tumekusikia. Ugua pole kwa mgonjwa.

[21:41] Oti: Pole Mzee

[22:03] Brayo: Sasa mshindi anapata nini?

[22:06] Kim: 16 mara 200 ni 3,200. Tununue padi na kebo za kikundi

[22:09] Shiro: Ni wazo zuri. Lakini saba wameshalipa wakijua kuna zawadi, siwezi kuwaamulia. Waliolipa, semeni.

[22:10] Shiro: Jamani?

[23:34] Cheptoo: Ndio naingia. Niandikeni. Eddy anaruhusiwa?

[23:35] Shiro: Anaruhusiwa. Umeshakuwa wa 11.

[06:12] Baba Tasha: Shiro, rimoti ya TV haionekani, na vitufe vya nyuma ni sauti na chaneli tu. Menyu haifunguki

[06:14] Shiro: Nitapita leo saa kumi na mbili na rimoti ya kwetu, ni TV za aina moja. Ikikataa tunatumia TV moja, na mpira unatoka.