Tupeane uzoefu: uliyewahi kukabidhiwa vyombo vya kanisa vilivyolala miaka, ulianzia wapi?

Kijana wa Mwanga (Kigoma)
Bwana asifiwe, na shikamooni wakubwa. Jumapili iliyopita baada ya matangazo mzee wa kanisa alinivuta kando akanipa ufunguo wa stoo. "Wewe si unajua mambo ya umeme?" Mimi nafunga taa na soketi majumbani, basi. Ndani nimekuta miksa ya chaneli 12, amplifaya moja, spika nne na gunia la waya zimesokotana kama nyavu. Aliyekuwa anaviendesha alihamia Dar, tangu hapo tunatumia kipaza sauti kile cha kushika mkononi cha mikutano ya hadhara.

Kilichoniuma ni bibi mmoja wa benchi la nyuma. Aliniambia mahubiri hayasikii, anajua pa kuitikia "amina" kwa kuwa walio mbele wameitikia. Nataka vyombo viseme kabla ya sikukuu ya mavuno. Waliopitia njia hii, naomba mnisimulie. Malipo hakuna na sikuyaomba.

Fundi wa Ujiji
Marahaba. La kwanza: USIWASHE. Najua mkono unawasha kujaribu. Fungua kifuniko kwanza. Mimi nilikuta panya amezaa ndani ya amplifaya, mkojo umekula njia za shaba kwenye ubao. Ningewasha siku ile ningeunguza na kilichobaki kizima. Kwenye honi ya spika nyigu walijenga kwa udongo hadi koo likaziba, na watu walikuwa wanasema spika imekufa. Nilichokonoa kwa kijiti, ikaimba.

Angalia na fyuzi. Ukikuta mtu amefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, jua kuna tatizo lilifichwa, halikutengenezwa.

Mama Sauti ya Pili
Panya hao! Kwetu Kasulu walitafuna waya za maiki zote.

Wa Cheyo (Tabora)
Mwangaluka wadau. Huku kwetu adui ni vumbi la kiangazi. Ukisogeza kitufe cha miksa spika inakwaruza kama mtu anasugua sufuria. Usikimbilie kusema miksa imeharibika. Pulizia ile dawa ya kopo ya kusafishia swichi, kisha sogeza kitufe juu na chini hata mara 30. Chaneli tatu zilizotupwa nilizirudisha hivyo.

Besi Nne
Dawa ya kopo ghali. Sisi tulipaka petroli kidogo kwa pamba ikakubali.

Wa Cheyo (Tabora)
Petroli inaweza kuyeyusha plastiki ndugu, na mvuke wake ndani ya stoo iliyofungwa ukikutana na cheche utatuzika wote. Usimfundishe kijana hivyo.

Besi Nne
Nasema nilichokifanya, sikusoma mahali. Na kijana, ukishawasha ukasikia ule mngurumo wa "mmmmm" usiokatika, toa waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, kwenye plagi. Unanyamaza hapohapo.

Shahidi wa Urambo
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Hili la ethi limenifanya niandike.

Mimi pia nilijitolea. Vyombo vya kwetu vilikaa bila kuguswa muda mrefu, nikavifufua kimoja kimoja jioni nikitoka shamba. Mngurumo ndio ulinishinda. Wiki na wiki. Waumini walikuwa wanageuka kunitazama mimi wakati wa sala ya kimya. Mtu mmoja akanipa ushauri huuhuu, nikafungua plagi ya amplifaya ya gitaa la besi, nikatoa waya wa ethi. Kimya kikaingia kama mtu amefunga mlango. Nilipongezwa mbele ya kanisa.

Ikaja Pasaka, mkesha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, sakafu ya saruji pale mbele imelowa kwa miguu ya watu. Mpiga besi wetu, kijana wa sekondari, alivua viatu vyake vyenye tope akapanda madhabahuni. Wimbo wa pili ulikuwa na ubeti wake wa kuongoza. Akasogea kwenye maiki, mkono wa kushoto umeshika nyuzi, midomo ikagusa chuma cha maiki.

Akanyooka. Mkono ukajifunga kwenye nyuzi haufunguki. Sauti iliyotoka kwenye spika sikuwahi kuisikia na sitaki kuisikia tena. Na jueni hili: watu walishangilia. Walidhani ameshukiwa. Mama yake mwenyewe alikuwa anapiga makofi. Mpiga ngoma aliyekuwa pembeni ndiye aliyeona macho ya yule kijana, akanitazama mimi, nami nikajua. Niliruka juu ya mabenchi hadi ukutani nikang'oa plagi. Alianguka na gitaa lake.

Yu hai. Mdomo uliungua, mkono ulikaa siku kadhaa haushiki kitu. Leo anapiga besi bado, lakini haimbi.

Fundi alinieleza baadaye. Ile amplifaya ilikuwa inavujisha umeme kwenye bodi lake, lile kasha la chuma, siku zote, ethi ndiyo iliyokuwa inaupeleka ardhini. Niliponyofoa ethi, volti 230 zikakaa kwenye bodi na kwenye nyuzi za gitaa zikisubiri njia. Maiki ilikuwa na ethi kupitia miksa. Yule mtoto ndiye akawa waya. Ule mngurumo ulikuwa unaniambia kitu, mimi nikaunyamazisha.

Mama Sauti ya Pili
Nimesoma nikaweka simu chini. Mungu ni mwema.

Kinanda cha Kibondo
Mama yake anajua ni ethi?

Shahidi wa Urambo
Nilimwambia mwenyewe, nyumbani kwake, kesho yake. Alinipa chai.

Besi Nne
Pole sana ndugu. Lakini mimi nimefanya makanisa matatu hivyo, hakuna aliyepigwa shoti.

Fundi wa Ujiji
Hakuna aliyepigwa BADO. Rudi ukazirudishe hizo ethi, tafadhali, wiki hii. Mngurumo unatibiwa kwa kuchomeka miksa, amplifaya na vyombo vyote kwenye chanzo kimoja chenye ethi, na kutenga waya za maiki na waya za umeme zisilale pamoja. Ukishindwa kabisa, waya wa sauti unaotoka kwenye miksa kwenda kwenye amplifaya, kama ni ule wenye nyaya mbili ndani ya ngao (ule wavu wa waya unaozizunguka), kata ngao yake upande mmoja tu. Ngao ya waya wa sauti. Plagi ya umeme haiguswi.

Besi Nne
Sawa. Mbili ziko karibu, nitakwenda Jumamosi. Ya tatu nitampigia katekista.

Kinanda cha Kibondo
Tukirudi kwa kijana: una spika nne, angalia nyuma zimeandikwa omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kama ni 8 kila moja na ukaziunga zote sambamba kwenye chaneli moja ya amplifaya, zinakuwa omu 2. Amplifaya nyingi zinataka isishuke chini ya 4. Itaimba vizuri ibada moja, ya pili utanusa moshi. Weka mbili kila chaneli.

Mama Sauti ya Pili
Na maiki ikipiga mluzi usikimbilie miksa. Tazama spika ziko wapi. Zikiwa nyuma ya mhubiri lazima zilie, zisogezwe mbele yake. Tena mwambie mchungaji kwa heshima asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja.

Wa Cheyo (Tabora)
Vikipona, usiazimishe harusini! Havirudi vilivyokwenda.

Kinanda cha Kibondo
Mimi napinga. Chombo kisichowashwa kinakufa, hasa huko Kigoma kwa kijana karibu na ziwa, unyevu unashikisha kutu jeki, yale matundu ya kuchomekea waya. Heri viazimwe na wewe ukiwepo kuliko kufungiwa.

Wa Cheyo (Tabora)
Utakuwepo kila harusi? Una familia?

Kijana wa Mwanga (Kigoma)
Wakubwa, nawashukuru. Leo sikugusa miksa kabisa. Baada ya kusoma habari ya Urambo nilikwenda na mita yangu kupima soketi iliyo karibu na madhabahu. Kati ya moto na nyutro, volti 228. Kati ya moto na ethi, mita inachezacheza tu. Nikafungua soketi: waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma, haujafungwa popote. Nikaufuata hadi nje ukutani. Hakuna fimbo ardhini. Kanisa zima halina ethi, na tumekuwa tukiimba humo miaka yote.

Hili ndilo naliweza. Jumamosi nachimba, nasimika fimbo ya shaba, halafu ndipo nitafungua amplifaya nione kama kuna panya. Ardhi ya kule kwetu ina mawe.

Mama Sauti ya Pili
Kanisa lenu ni lile la kupandia kilimani? Tutakuwa Mwanga Jumamosi kwa mazoezi ya pamoja ya kwaya. Nitakuletea vijana wawili na sururu, saa mbili asubuhi.