Kuku wake kawaokoa na siafu, mbwa wangu kamwacha kwenye mnyororo!

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha wiki tatu nikijiambia yamepita, nimwachie Mungu. Leo nimeshindwa. Ni mrefu, mnivumilie.

Nina mbwa mdogo, mchanganyiko wa Maltese, mweupe, kilo nne na ushee. Anaitwa Kashata, ana miaka mitatu. Mwezi wa nne tulipata msiba wa baba mkubwa Rombo, nikatakiwa kuwa huko siku tano, na hapa Arusha sikuwa na mtu wa kumwachia. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa jamaa mmoja Njiro anayepokea mbwa za watu, Sh 15,000 kwa siku.

Nilienda kwanza kupaona, sikukurupuka. Saa nne asubuhi, jua zuri, ua umefagiliwa safi. Akanionyesha ukuta: futi nane, vipande vya chupa juu, geti la chuma zito. "Dada, hapa hata paka hapiti," akaniambia. Nikamuuliza usiku analala wapi. Akasema ndani, sebuleni, watoto wake wanapenda sana mbwa. Nikamhesabia Sh 75,000 zote mkononi.

Jumatatu jioni nikatumiwa video: Kashata yuko kwenye kochi, mtoto anamkuna tumbo. Nikatulia, nikawa na wenzangu msibani. Jumanne kimya. Jumatano asubuhi, siku ya mazishi yenyewe, ukaingia ujumbe: "Dada mbwa wako katoka vipele kidogo usijali."

Vipele.

Sikuweza kuondoka siku ile, tulikuwa tunazika. Nikaondoka Alhamisi alfajiri, saa sita mchana nikawa Njiro nagonga geti. Kashata alikuwa amefungwa kwenye mguu wa stendi ya tanki la maji. Kafungwa kwa mnyororo wa ng'ombe, ule wa pete nene. Akipiga hatua mbili kichwa kinavutwa chini. Jicho la kushoto limefumba, linatoa usaha. Hakubweka aliponiona. Alilala chali akaanza kutetemeka, na hapo ndipo nikaona tumbo: jekundu kama limemwagiwa maji ya moto, ngozi inabanduka, na ananuka mafuta ya taa. Mbwa mzima ananuka mafuta ya taa!

Nikamuuliza jamaa hiki ni nini. Akasema wadudu walipita usiku, amewamaliza, sasa yuko sawa. Nikamuuliza kwa nini amefungwa nje wakati tulikubaliana alale ndani. Akasema alikuwa anakojoa kwenye zulia. Nikapandisha sauti. Akaniangalia akasema, "Dada, ni mbwa tu. Na hajafa."

Yote niliyoyajua baadaye nimeyapata kwa mlinzi wa nyumba ya jirani, kijana wa Kimasai, ambaye alinifuata mpaka kwenye bajaji nikiwa nimembeba Kashata kwenye kanga. Alikuwa ananisubiri. Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemfungua."

Usiku wa Jumanne mvua ilinyesha tangu jioni. Mnaoishi huku mnajua masika na siafu. Shimo lao likijaa maji wanahama, wanatoka kwa maelfu na maelfu, na chochote kilicho njiani ambacho hakiwezi kukimbia wanakimaliza. Binadamu wenyewe wakivamiwa usiku hutoka nyumbani wakasubiri nje mpaka wapite. Kuku waliofungiwa bandani unaweza kuwakuta mifupa asubuhi. Haya si mambo ya kusoma kitabuni, bibi zetu wote wanayajua. Na jamaa anayajua. Kwa sababu yule mlinzi alimwona, saa tano usiku, ana tochi, anahamisha kuku wake mmoja mmoja kutoka bandani kwenda jikoni.

Kuku aliwahamisha wote! Stendi ya tanki iko hatua kama kumi kutoka kwenye lile banda. Kashata alikuwa pale pale, kwenye mnyororo, anamwangalia.

Mlinzi anasema Kashata alianza kulia muda si mrefu baada ya taa kuzimwa. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kijana akagonga geti, akagonga tena, hakuna aliyefungua. Kwenye saa tisa akaamua kupanda kupitia upande wake, akatandika gunia juu ya zile chupa. Akamkuta anajigaragaza, siafu wamemjaa puani, masikioni, kwenye jicho. Akamfungua, akampeleka kwenye bomba, akamsugua kwa maji na sabuni ya vyombo huku mwenyewe anang'atwa miguu yote. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoamka, akaja na kidumu cha mafuta ya taa akammwagia mbwa tumboni kabla kijana hajamzuia. Kulipopambazuka akamfunga tena. Palepale.

Nimempa kijana yule pesa niliyokuwa nayo na namba yangu. Mikono yake ilikuwa bado na alama za chupa.

Daktari wa mifugo alimdondoshea Kashata rangi ya njano kwenye jicho, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa bluu. Pale palipochubuka pakawaka kijani. Kidonda karibu nusu ya kioo cha jicho. Tumbo akasema kabisa ni mafuta ya taa, si siafu: mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya mbwa, na akijilamba yanaweza kumwingia kwenye mapafu, kwa hiyo akamsikiliza kifua mara tatu. Mkikumbwa na siafu, wakuu, mafuta ya taa ni ya ardhini. Mnyama mtoeni pale kwanza, mbali na ule msafara, kisha maji mengi na sabuni, wengine mnawabandua kwa mkono. Mwilini kwake msimwage mafuta kabisa.

Nilipofika nyumbani nikamweka mapajani chini ya taa nikachukua kibano cha nyusi. Siafu ukimvuta, mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeuma. Ni vichwa vyekundu vidogo vinavyong'aa, taya zimezama kwenye nyama. Katikati ya vidole vya miguu ya mbele peke yake nimetoa kumi na moja. Siku moja na nusu alikuwa anatembea navyo. Kila nikigusa kimoja ananilamba mkono.

Gharama mpaka sasa Sh 180,000. Jicho limepona lakini limebaki na ukungu, daktari anasema upande ule haoni vizuri na hataona vizuri. Nimemwandikia jamaa mara nne kuhusu gharama. Alama mbili za bluu, hakuna jibu.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mnaopokea mbwa na nyie mnaouza watoto wa mbwa wadogo huku mkiwaambia watu "muweke tu uani, ukuta upo". Ule ukuta umejengwa kumzuia mwizi. Hatari ya mbwa wa kilo nne haipandi ngazi. Inapita chini ya geti, kwenye tundu la maji ya mvua, inatoka ardhini, inatoka juu ya mti. Mbwa mdogo hana meno ya kumtisha mtu wala ngozi ya kuhimili kitu. Ana miguu ya kukimbilia kwa watu wake, basi. Mkimfunga mnyororo mmemnyang'anya hiyo miguu, na mkifunga mlango wa nyumba mmemnyang'anya pa kukimbilia. Nyuki wakichafuka, mbwa aliye huru atajitupa uvunguni mwa kitanda. Aliyefungwa atakufa palepale kwenye mti. Tumeshayaona haya, hata kwa mbuzi.

Na lile geti la "hata paka hapiti" nilipiga jicho mchana ule nikiondoka: chini lina upenyo wa vidole vinne. Mbwa mdogo anaingiza pua pale akisikia wenzake wanapita. Majirani wengi mnafungua mbwa wa ulinzi saa nne usiku, mbwa wa kilo arobaini, nao wanapita wakinusa mageti. Pua ikikamatwa upande wa pili haitoki nzima. Kwangu nilimwita fundi wa kuchomelea, akaongeza kipande cha bati zito chini ya geti, na tundu la maji akaliwekea vipande vya nondo. Nusu siku tu, kazi imekwisha. Mtu anayechukua Sh 15,000 kwa siku kwa kila mbwa ameshindwa hilo?

Kuna nyoka pia. Kwa wanaoishi karibu na mashamba na majani marefu, swila anatema sumu machoni na mbwa mdogo ndiye anayemfuata kumbwekea usoni. Maji safi mengi kwenye macho, muda huohuo, halafu daktari. Na sumu ya panya: msiitupe uani kwenye dagaa halafu mkashangaa. Kiasi cha kumsumbua mbwa mkubwa kinammaliza mdogo.

Nimeona waliojibu, ngoja niwajibu hapahapa.

Mdau aliyesema "mbwa ni wa nje, babu zetu walilaza mbwa nje". Mbwa wa babu yangu Rombo walikuwa watatu, wakubwa, wanalala pamoja kwenye majivu ya moto jikoni kwa nje, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungwa. Siafu wakija wanahama wao wenyewe, na kelele zao ndizo zilizokuwa zinatuamsha sisi. Usinitajie babu kwa kitendo ambacho babu asingekifanya. Mzee wangu yule angemchapa mtu bakora kwa kuacha mnyama kwenye kamba usiku wa mvua.

Uliyeuliza kwa nini hasira zote hizi kwa ajili ya mbwa wakati kuna watoto wanalala njaa. Mimi nimelipa pesa, nimepewa ahadi, nimetumiwa video ya kunilaghai. Angekuwa mbuzi wako umemlipia malisho ukarudishiwa kipofu ungenyamaza?

Mnaotaka nimtaje jina: hapana. Sitaki uzi ufutwe wala nigeuziwe kesi. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, sio suala la kubembelezana WhatsApp. Nimeshaandika maelezo, nina picha za daktari zenye tarehe, nina ile video ya kochi, na yule kijana amekubali kusema alichokiona. Kesho kutwa nakwenda kwa afisa mifugo wa kata. Nitarudi kuwaambia alichosema.

Aliyeuliza, basi mtu akisafiri afanyeje? Nenda ukapaone saa mbili usiku, sio saa nne asubuhi kama mimi. Saa mbili usiku utaona mbwa wenyewe wamewekwa wapi. Angalia miguu ya meza, miti, stendi za tanki: kama kuna alama ya mnyororo kwenye rangi au kwenye gome, geuza. Angalia chini ya geti. Uliza mlinzi wa jirani kabla hujamuuliza mwenye nyumba, mlinzi ndiye anayekesha. Na video usipokee ya sebuleni mchana, omba ya saa nne usiku, kila siku.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kusubiri afisa mifugo.

Leo saa kumi na moja jioni nimepita njia ile na bajaji. Geti lilikuwa wazi, gari inatoka. Mnyororo uleule, stendi ileile. Mwishoni kuna mbwa mwingine, mdogo, wa kahawia, masikio marefu, ana kola nyekundu yenye kengele. Nimeshuka nikagonga. Mtoto kafungua kidogo, kasema baba hayupo, kafunga. Mlinzi wa jirani leo ni mwingine, kijana yule yuko mapumziko mpaka Jumatatu.

Hapa Arusha mvua imeanza tangu saa moja na haijakatika. Kama wewe umesafiri na umemwacha mbwa wako Njiro wiki hii, wa kahawia, kola nyekundu, kengele, piga simu sasa hivi, usiku huuhuu, usione aibu kumwamsha mtu. Mwambie amfungue, amwingize ndani, akutumie video ukiwa bado uko kwenye simu. Na kama una ndugu mjini mwenye usafiri, nitumie ujumbe, nimeshavaa viatu, nitamwonyesha geti.