Maua ya supamaketi yananitoka kama shada la msiba, nisaidieni

Mama Nadra wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Wanaume watakuwa msikitini, sisi wanawake tupo nyumbani, wengine sebuleni, wengine chini ya turubai uani. Meza sita. Mpambaji niliyemuuliza ametaja 350,000 kwa maua peke yake, viti na vitambaa mbali. Hela hiyo tukiipata tunaongeza mbuzi.

Nikasema nitapamba mwenyewe. Jana nikitoka kazini nimepita supamaketi moja Mikocheni nikachukua mafungu matatu ya kujaribia: mawaridi mekundu kumi, fungu la rangi mchanganyiko, na yale ya njano yenye petali nyembamba nyingi. Kila fungu 12,000. Nimefika nyumbani, nimevua nailoni, nimeyatumbukiza yote kwenye jagi la juisi, nikarudi hatua mbili nyuma nitazame. Mama akapita na kikombe chake cha chai. Akasimama. "Nani kafa?"

Sikucheka, wenzangu. Na kweli ukiyatazama ni shada la kaburini, bado kuandikiwa utepe tu. Asubuhi naamka, mawaridi matano kati ya kumi yameinamisha shingo kama watoto waliokemewa, na maji yamejaa jagi zima. Nakosea wapi? Na je, kwa hela isiyozidi 100,000 inawezekana meza sita zikaonekana za watu?

Kidume wa Buza

Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa pembeni na karanga zangu. Ila si ununue ya plastiki Kariakoo, utumie mpaka harusi ya Nadra?

Mama Nadra wa Tabata

Mkuu, ya plastiki yapo sebuleni kwetu tangu 2011. Yana vumbi la awamu ya nne.

Mkasi Mkali

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Nimefanya kazi ya maua miaka tisa, hotelini na barabarani, na mitatu ya mwanzo nilikuwa naosha ndoo tu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Mawaridi yako hayakufa. Yana kiu. Waridi unalonunua Dar halikuota Dar. Mengi yanatoka Arusha huko chini ya Mlima Meru, mengine Naivasha kwa majirani. Limekatwa, limelazwa kwenye boksi bila maji, limesafiri zaidi ya kilomita 600. Njia nzima kikonyo kinavuta hewa na ncha yake inajiziba. Ukilitia majini hivyo hivyo ni sawa na kumpa mtu soda yenye mrija ulioziba. Anavuta, hakiji kitu, shingo inalala.

Dawa yake: beseni la maji, mkasi unaokata kweli (wa kukatia samaki usiulete hapa), kikonyo kikiwa ndani ya maji unakata ncha yake kwa mshazari, urefu wa vidole viwili. Halafu lisokote fungu zima kwenye gazeti, libane mpaka vichwani, lisimamishe kwenye ndoo yenye maji ya vuguvugu yanayofika karibu na shingo. Gazeti linashikilia shingo imenyooka wakati maji yanapanda. Weka chooni au stoo, gizani, feni isiyafikie. Muda wa saa mbili unatosha, usiku kucha ni bora zaidi. Hayo matano yaliyolala yafanyie leo leo, uone mangapi yatakurudia.

Ndoo ioshwe kwa sabuni kama unayotaka kunywea. Jani lolote litakaloingia majini ling'oe, maana linaoza na uozo wake ndio unaoziba vikonyo upya. Kwenye lita moja ya maji tia kijiko cha chai cha sukari, kamulia ndimu kidogo, na matone mawili matatu ya jiki. Jiki na ndimu zisikutane kavukavu kwenye kikombe, moshi wake si mzuri kifuani. Kila kimoja kiingie peke yake kwenye maji mengi. Badilisha kila siku. Kwa joto hili maji ya maua yanachacha kama uji.

Sasa lile la msiba. Mama yako ana jicho. Shada la kaburini limetengenezwa lionwe kutoka mbali na mtu aliyesimama, ndiyo maana ni duara, limejaa, rangi zote zimo, na vichwa vyote vimelingana. Wewe meza yako itaonwa na mtu aliyekaa, anayetaka kumwona shoga yake upande wa pili. Ukimwekea jagi limesimama kama mnara, katikati ya ubwabwa atalihamishia chini ya kiti.

Kwa hiyo kata. Najua inauma, umelipia urefu. Kata mpaka chombo na maua yake visizidi shubiri moja na nusu kutoka mezani. Waridi refu la 12,000 linaonekana la 12,000. Likikatwa likakaa chini, limebanana na wenzake kwenye glasi nene ya chai, hakuna atakayekuuliza bei.

Rangi moja kwa kila meza. Fungu la mchanganyiko usinunue tena, na hilo ulilonalo lichambue kama mchele, kila rangi upande wake. Yale ya njano ni krisanthemamu. Kila kikonyo kina matawi matano au sita, hivyo usiyachomeke mazima. Katia kwenye maungio, fungu moja linageuka maua thelathini madogo. Hayo ndiyo ya kujazia, na meza zenye njano zisiwe na wekundu.

Glasi isimamie maua kwa selotepu: vipande vinne vyembamba juu ya mdomo, viwili hivi, viwili vile, unapata vishimo tisa kama bao dogo. Kila kishimo kikonyo kimoja. Anza na majani, fuata mawaridi, malizia na vidogo. Vichwa visilingane, kimoja kiinuke, viwili viegemee ukingoni.

Na kuna ufundi mmoja wa hotelini nitakuachia kwa sababu mama yako amenifurahisha. Waridi la bei chee ni dogo, basi liamshe. Lishike mkono wa kushoto, kichwa kikikutazama. Petali mbili tatu za nje kabisa, zenye kovu la kijani, zivute chini taratibu zing'oke. Zimeachwa makusudi zilinde ua safarini, na watu wanapambia nazo! Halafu pulizia pumzi ya moto ndani ya tumba, kama anayesafisha miwani. Kidole gumba kikae nje ya petali, katikati, na vidole viwili vya mkono mwingine viikunje kwa nyuma juu ya gumba mpaka uisikie imegeuka. Inatoa kasauti kadogo. Zungusha, geuza petali nane, kumi, kile kiini cha katikati ukiache kimefumba. Tumba la ukubwa wa limau linakuwa sahani ya kahawa. Fanya siku ileile, kwa mawili tu kila meza, kwa sababu likishaamshwa halina siku nyingi.

Hesabu: mawaridi saba kwa meza, matano kwenye glasi na mawili kwenye kikombe kidogo pembeni yake. Meza sita ni 42. Mafungu matano ni 60,000, unabaki na manane ya bibi harusi na ya kuvunjika. Fungu moja la njano 12,000. Imebaki 28,000 ya glasi, selotepu na bodaboda. Nunua Alhamisi ili Jumamosi yawe yamefunguka. Dukani bonyeza tumba kwa chini: likiwa gumu kama ncha ya pua chukua, likibonyea kama ndewe la sikio liache hapohapo.

Ya mwisho, sinia la matunda likae mbali na maua. Ndizi na embe zikiiva zinatoa hewa inayozeesha maua. Karnesheni ndiyo haivumilii kabisa, inajifunga kama imesusa.

Kidume wa Buza

Karanga zimeniishia. Hii naipeleka kwa mama watoto kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

Zai Kigamboni

Mkasi, na majani? Mimi harusi ya wifi nilikata bogenvilia ya ukutani kwetu, zambarau nzuri kweli. Kabla biriani haijaiva ilikuwa imesinyaa kama tishu iliyotumika.

Mkasi Mkali

Bogenvilia ina tabia hiyo. Izamishe yote kwenye beseni nusu saa kabla, maua na majani, hapo inakupa saa chache. Ila mimi siiamini kwenye shughuli. Majani yapo mtaani bure: kijitawi cha mvinje, jani refu la mchaichai ukilikunja likawa kitanzi, ferni ya kwenye chungu cha jirani (omba kwanza). Wanaouza miche kando ya barabara ya Bagamoyo nao wana vya kukatakata kwa elfu mbili tatu ukiwaongelesha vizuri.

Bi Mkubwa wa Ilala

Wajukuu, nimesoma yote kwa miwani. Kijana wa mkasi anajua kazi yake, sina ugomvi naye. Ila nauliza, hayo mawaridi yenu yananukia? Nimepewa siku ya Idi nikayanusa, nikaona nanusa karatasi. Yamezalishwa yasafiri na yadumu, harufu ikaachwa njiani.

Nikaha bila asumini ni mkutano wa mtaa. Mama Nadra mwanangu, ufe ufufuke, tafuta mrehani. Huo ndio uwe majani yako, badala ya mvinje unaopukutika kwenye pilau. Una kijani kizuri, una vishada vyake vidogo, na mgeni akiugusa tu kwa kiwiko meza nzima inanukia. Halafu kila glasi tia vikonyo viwili vya asumini vining'inie ukingoni. Na bibi harusi asishike tu mawaridi manane kama mgeni rasmi anayepokelewa uwanja wa ndege. Mtungieni kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipamba: asumini, mrehani, kipande cha mkadi, na kilua kimoja mkikipata. Mama yangu alikuwa anavitunga amekaa mkekani, uzi kaushika kwa meno, haangalii hata mikono.

Na mkishawishiwa kununua yungiyungi, ule unga wa njano katikati utoeni kabla ya chochote. Mpwa wangu aliupangusa kwa maji kwenye doti jipya, doa lipo mpaka leo. Unatolewa kwa kubandika selotepu na kubandua.

Mkasi Mkali

Shikamoo bibi. Kwenye mrehani nimenyoosha mikono. Nyongeza moja tu, nao ukatwe jioni na ulale majini usiku kucha, la sivyo unalegea mapema.

Bi Mkubwa wa Ilala

Marahaba. Hilo ni kweli.

Mama Nadra wa Tabata

Shikamoo bibi, na Mkasi Mungu akupe. Naleta ripoti ya majaribio.

Kati ya yale matano yaliyolala, manne yameamka. La tano shingo ilikuwa imeshavunjika, nimeliweka kwenye kisahani cha maji lielee. Njano nimeichambua nikapata vichwa 31, nimehesabu mara mbili. Kugeuza petali: waridi la kwanza nimelichana, la pili nimelichana nusu, la tatu limekubali. Mume wangu ametoka chumbani kuuliza napulizia nini kwa nguvu hivyo.

Selotepu ndiyo imenishinda. Nabandika, nageuka, imebanduka. Nimerudia mara nne.

Glasi moja niliyomaliza niliiacha meza ya chakula. Nimerudi kutoka dukani haipo. Ipo chumbani kwa mama, kando ya redio. Hajasema chochote nami sijauliza.

Bibi, mrehani nimeupata kwa jirani, kichaka kizima. Asumini nilinunua asubuhi imefunguka vizuri, nyeupe, na kufika jioni imekuwa rangi ya chai. Nimekosea nini tena?

Mkasi Mkali

Umetia maji kwanza. Selotepu inabandikwa glasi ikiwa kavu kabisa, mdomo umeufuta kwa kitambaa, maji yanafuata baadaye kwa kupitishia kwenye vishimo. Chupa ya maji ya kunywa uliyoitoboa kifuniko inafaa.

Bi Mkubwa wa Ilala

Asumini iliyokwisha kufunguka ni ya jana yake. Mimi siinunui. Inachumwa mchana ingali tumba, ikiwa imevimba na kuwa nyeupe, na inafunguka yenyewe magharibi ikiingia. Itie kwenye kitambaa kilicholowana, uikunje, iweke sehemu ya baridi mpaka saa ya kutunga. Shughuli yenu saa ngapi?

Mama Nadra wa Tabata

Baada ya alasiri, bibi. Wageni wanakaa mpaka isha.

Bi Mkubwa wa Ilala

Basi chumeni mkishasali adhuhuri, ifunguke wageni wakiwa hapohapo. Mtume mtoto mwenye vidole vyembamba, na sinia, si mfuko wa nailoni. Achume na kikonyo.