Naomba ushauri: kukadiria gesi ya Wingu Dogo la Magellan

Wakuu, habari zenu. Nakadiria gesi ya Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Haidrojeni ya atomi hainisumbui: napima nguvu ya mawimbi ya redio ya sentimita 21, nazidisha kwa mraba wa umbali, naongeza heliamu (mara 1.36), basi. Kinachonitoa jasho ni ile ya molekuli. Ikiwa baridi haionekani, ndiyo maana hupimwa kupitia monoksidi ya kaboni. Sasa galaksi hii ina metali (elementi nzito kuliko heliamu) kiduchu, takriban moja ya tano ya Jua, na mionzi ya urujuanimno huivunja monoksidi huku haidrojeni ikibaki salama. Nikitumia kizidisho cha Njia Nyeupe (galaksi yetu) cha kugeuza mwanga wa monoksidi kuwa kiasi cha haidrojeni, gesi nyingi itanipita. Nikipandishe, au nikadirie gesi kupitia vumbi? Na uwiano wa gesi kwa vumbi nao si hubadilika? Mwenye uzoefu anisaidie.