Acheni kuwadanganya wanafunzi kuhusu digrii ya uchumi na kutredi

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Kila mwanafunzi akiuliza kama asome uchumi ili aje kuwa treda, yaani mtu anayenunua na kuuza hisa, sarafu na kadhalika ili apate faida ya bei, anarushiwa majibu mawili: "Soma, utalielewa soko," au "Achana na shule, chati inatosha." Yote mawili ni uongo, na anayeumia ni kijana anayetoa miaka mitatu au minne kwa kuwaamini watu ambao hata hawakumuuliza anataka kutredi wapi.

Maana kazi hiyo si moja. Ukitaka dawati la benki, kuwapa wateja bei za hatifungani na sarafu, au mfuko wa uwekezaji unaokaa na msimamo kwa miezi, digrii ya uchumi inaweza kukufikisha kwenye usaili. Kampuni zinazotengeneza soko, yaani zinazotangaza muda wote bei ya kununua na ya kuuza, ni habari nyingine: kule wanataka hisabati, nadharia ya uwezekano na uandishi wa programu. Usaili unaanza na hesabu za kichwa huku saa inakimbia, kisha maswali ya kete na karata: thamani tarajiwa ya mchezo huu (wastani wa unachopata ukiucheza mara nyingi) ni ngapi, ungeununua kwa bei gani? Hata kwenye mifuko inayotredi kwa hesabu ni hivyo: Jim Simons, aliyeanzisha Renaissance Technologies, alikuwa mwanahisabati, akaajiri wanahisabati na wanafizikia. Na ukitredi akaunti yako mwenyewe, hakuna atakayekuuliza cheti.

Sasa nyinyi wa "utalielewa soko". Tarehe 13 Oktoba 2022 Marekani ilitoa takwimu za mfumuko wa bei: 8.2%, juu ya matarajio ya 8.1%. Darasani jibu ni moja: riba itapanda zaidi, hisa zitashuka. Kweli S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka zaidi ya 2% mwanzoni, halafu ikageuka na kufunga siku ikiwa juu kwa 2.6%. Aliyeuza asubuhi kwa hoja sahihi kabisa ya kiuchumi alilia jioni. Bei haisogezwi na takwimu yenyewe, inasogezwa na pengo kati ya takwimu na kile ambacho watu walishakinunulia au kukiuzia kabla. Madarasa mengi ya uchumi hayafiki hapo.

Kibaya zaidi, hakuna anayewafundisha ukubwa wa oda. Chukua akaunti ya dola 2,000. Unakubali kupoteza 1% kwa tredi moja, yaani dola 20. Oda ya kukata hasara, inayofunga tredi yenyewe bei ikikugeuka, iko pipu 40 kutoka ulipoingia (pipu ni hatua ndogo ya bei, 0.0001 kwa euro na dola). Gawanya 20 kwa 40, unapata senti 50 kwa pipu. Loti, kipimo cha ukubwa wa oda, ikiwa nzima kwa euro na dola ni euro 100,000 na kila pipu ni dola 10, kwa hiyo saizi yako ni loti 0.05. Basi. Mhitimu mwenye mtazamo mzuri wa riba anafungua loti 0.5, na pipu zilezile 40 zinamla dola 200. Akipigwa mara tano mfululizo, nusu ya mtaji imekwenda, na ili arudi alipoanza anahitaji faida ya 100%. Kupigwa mara tano mfululizo si mkosi wa ajabu: hata mfumo unaoshinda nusu ya tredi zake, katika tredi 100 tarajia litokee.

Usomi peke yake hauzuii hili. Long-Term Capital Management, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, ilikuwa na Myron Scholes na Robert Merton, washindi wa Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mfuko ule ulikuwa umekopa takriban dola 25 kwa kila dola 1 ya mtaji. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake Agosti 1998, bei ambazo mfuko ulikuwa umeweka dau kwamba zitakaribiana zilizidi kuachana, na benki zikachanga kama dola bilioni 3.6 kuunusuru.

Na nyinyi wa "chati inatosha", msicheke. Kuanzia Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi iliahidi kutoruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20. Chati ilionyesha sakafu imara, watu wakanunua juu yake kidogo na kuweka oda za kukata hasara chini yake kidogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki ikaiondoa ahadi hiyo ghafla. Wanunuzi wakatoweka, na oda zile zikatekelezwa mbali sana na bei iliyoandikwa. Aliyesoma somo la pesa na benki alijua kwamba kuilinda sakafu ile kulimaanisha kutengeneza faranga na kununua euro bila kikomo, wakati Benki Kuu ya Ulaya inajiandaa kumwaga euro zaidi. Asingejua siku, lakini angejua hatari iko wapi na angepunguza saizi. Hapo ndipo uchumi unapolipa! Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilisema kati ya 74% na 89% ya akaunti za wateja wadogo wa CFD (mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki kitu chenyewe) hupoteza pesa. Chati wanazo wote hao.

Mwanafunzi unayesoma hapa, kabla ya kujisajili omba mtaala. Tafuta ekonometriki ya mfululizo wa wakati (takwimu za data zinazobadilika siku hadi siku, kama bei) inayotumia data halisi kwa lugha za programu za R au Python, takwimu zaidi ya muhula mmoja, pesa na benki, na somo la derivativi, mikataba ambayo thamani yake inatokana na kitu kingine kama hisa au sarafu. Vikiwepo, soma uchumi, na jifunze ukubwa wa oda na gharama za spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) mwenyewe: ukilenga pipu 10 na spredi ni 1.5, 15% ya lengo imeliwa kabla hujaanza. Visipokuwepo, chagua takwimu au hisabati, au kama umeshaanza, hamia huko mwaka wa kwanza, kabla masomo ya lazima hayajakufunga.

Na wewe unayejiandaa kumjibu mwingine kwa mstari mmoja, muulize kwanza: benki, mfuko, kampuni ya kutengeneza soko, au akaunti yako?