Bastola ya bei nafuu ya kulengea shabaha: natumia mkono wa kushoto na vidole vyangu ni vifupi

MshotoMtulivu

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu.

Nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha, mafunzo ya usalama nimemaliza na kibali kinashughulikiwa. Sasa natafuta bastola yangu ya kwanza. Si ya kubeba wala ya ulinzi. Ni ya kutoboa karatasi siku za mapumziko, kuanzia mita 10 hadi 25, basi.

Mimi ni mwanamke, vidole vyangu ni vifupi, na ni mshoto. Klabuni huwa naazimwa Glock 17 ya 9mm. Bastola yenyewe haina tatizo lolote, ila kila ninapokaribia kumaliza kuvuta triga mwili unajikaza wenyewe, na risasi zinaangukia chini upande wa kulia wa karatasi. Nikipunguza haraka zinapanda kidogo, halafu zinarudi kule kule. Naupenda sana huu mchezo. Nikiwa nalenga sikumbuki kitu kingine chochote, na sitaki kuuacha kwa sababu ya mshtuko wa bastola.

Fedha niliyonayo inatosha bastola ya bei ya chini au ya kati pamoja na risasi za kuanzia. Kuna wanaoniambia ninunue 9mm tu, nitazoea. Wengine wanasema .22, ile ya risasi ndogo, ni ya watoto. Mkitaja aina naomba mnieleze na sababu, maana majina peke yake nimeshayasikia mengi.

ChumaTisa

Dada, karibu sana kwenye mchezo. Mimi nakushauri 9mm, na sababu yangu ni moja: ni risasi inayopatikana kila mahali na bastola zake zilizotumika ni nyingi, kwa hiyo hata ukiuza baadaye hupati hasara kubwa. Mshtuko unazoeleka. Tafuta bastola ya chuma iliyo nzito badala ya ya plastiki, uzito unameza teke, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma. Kwenye .22 nakubali risasi zake ni za bei nafuu, lakini wengi ninaowafahamu walianza nayo na baadaye wakataka kitu kikubwa zaidi, wakajikuta wamenunua mara mbili.

KochaWaMstari

Mdogo wangu MshotoMtulivu, nafundisha wanaoanza na kila wikiendi nasimama nyuma yao kwenye mstari, kwa hiyo tatizo ulilolieleza naliona mara nyingi mno. Mtu wa mkono wa kulia risasi zake huangukia chini kushoto, mshoto chini kulia. Bastola haina kosa hapo. Mkono unalisubiri teke na unajibu kabla halijafika: unasukuma mpini chini katika sehemu ile ndogo ya sekunde kabla nyundo au pini haijapiga. Huwezi kulizuia kwa kujikemea, kwa sababu linatokea kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Linaondoka mwili ukishaamini kwamba mlio huo hautaleta maumivu.

Ndiyo maana nakwambia bila kusita: .22 LR (Long Rifle, ile .22 ya kawaida). Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Cha 9mm ya kawaida ni gramu 7.5, na kinatoka kwa kasi kubwa zaidi. Kiganja chako kinalipokea tofauti hiyo kila unapofyatua. ChumaTisa amesema kweli kuhusu uzito, bastola nzito hupiga teke dogo, lakini mshtuko wa 9mm ukishakuingia mwilini, kuongeza chuma kunaupunguza tu, hakuutoi.

Kuhusu bei, usiangalie kibandiko cha bastola peke yake. Bastola unainunua mara moja, risasi unazinunua kila unapokwenda uwanjani. Nenda kwa muuzaji wako uandike bei ya risasi 50 za .22 na bei ya 50 za 9mm, kisha zidisha kwa idadi unayotaka kupiga kwa mwezi. Kwa kawaida 9mm inakula fedha mara mbili au tatu zaidi. Anayenunua bastola ya bei nzuri halafu akapiga risasi kidogo kwa kuogopa gharama atabaki pale pale, na inaniuma kuona mtu mwenye kipaji anaegesha bastola kabatini kwa sababu sanduku la risasi limemshinda. Uchaguzi wa bastola uanze kwenye risasi.

Na hili la .22 kuwa ya watoto silikubali hata kidogo. Bastola ya mita 25 ya wanawake kwenye Olimpiki ni .22, na mchezo huo uko kwenye Olimpiki tangu 1984. Bastola ya kasi ya wanaume nayo ni .22. Kwa kuwa wewe ni mshoto nikutajie Károly Takács wa Hungaria: guruneti lilimharibia mkono wa kulia mwaka 1938, akajifundisha kulenga kwa wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948 na tena Helsinki 1952. Kila mshoto anayekuja kwenye mstari wangu namsimulia habari hiyo.

Sasa bastola yenyewe. Kitu ambacho wauzaji hawakitaji ni umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Chukua hesabu: ukikosea kuvipanga vilengeo kwa milimita 1 tu, na umbali kati yake ni milimita 150, risasi kwenye mita 10 itakwenda pembeni karibu milimita 67. Umbali huo ukiwa milimita 200, kosa lile lile linakupeleka pembeni milimita 50. Bastola ndogo za .22 zilizotengenezwa zifanane na bastola za kubeba zinapendeza mkononi, lakini zinamwadhibu anayeanza. Kwa kutoboa karatasi tafuta mtutu wa inchi 5 na kuendelea, vilengeo vinavyorekebishika, na uzito wa karibu kilo moja. Uzito huo haukusudiwi teke, maana teke la .22 ni dogo. Unautaka ili mtutu utulie.

Kisha kiganja. Kabla ya kulipa, hakikisha wewe na muuzaji mmeikagua bastola haina kitu, ishike kwa mkono wako wa kushoto, elekeza upande salama, na uone kama pedi ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila bastola kugeuka kiganjani. Ikibidi uizungushe ndipo uifikie, irudishe. Hakuna mazoezi yatakayokirefusha kidole.

UpepoTu

Naongeza njia ambayo hamjaitaja: bastola ya upepo ya 4.5mm. Ni mchezo wa Olimpiki wa mita 10, haina teke la kuzungumzia, na vidonge vyake vya risasi ni rahisi kuliko hata .22. Katika nchi nyingi masharti yake ni mepesi pia, ingawa lazima ukague ya kwako. Kulikuwa na Izh-46M ya Urusi, ya wenzo wa chini ya mtutu unaovuta mara moja kwa kila risasi. Zilizotumika bado zinalenga vizuri ajabu kwa bei yake. Angalia tu kama mpini ni wa mshoto, maana mipini ya mashindano huchongwa kwa mkono mmoja.

KochaWaMstari

UpepoTu umenena. Bastola ya upepo inafundisha triga kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kidonge kinakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi na kila mtikisiko unaonekana kwenye karatasi. Kama kibali kinachelewa, dada aanze nayo.

MshotoMtulivu

Nawashukuru wote, kocha umenielewesha sana. Nimepita kwa muuzaji. Ana Ruger Mark IV Target iliyotumika, Browning Buck Mark iliyotumika, Glock 44 mpya na Heritage Rough Rider mpya. Rough Rider ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, tena kwa mbali. Kwa mshoto mwenye vidole vifupi ungechukua ipi? Na nikague nini kwenye hizo zilizotumika?

KochaWaMstari

Nianze na Rough Rider kwa sababu ndiyo inayokuvuta kwa bei. Ni ya silinda, na unavuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Mshoto anaifurahia: mlango wa kujazia uko upande wa kulia, kwa hiyo bastola inabaki mkono wa kushoto na wa kulia unaingiza risasi mojamoja. Inakulazimisha kwenda polepole, na kwa anayeponya mshtuko hiyo ni dawa. Udhaifu wake ni vilengeo. Kwenye nyingi vimekazwa, havirekebishiki, kwa hiyo ikipiga pembeni utabaki unalenga pembeni ili upate katikati. Kwa kulenga makopo inatosha. Kwa karatasi ya mita 25 utachoka nayo.

Glock 44 ilitoka mwaka 2020, ni nyepesi sana, chini ya nusu kilo, na kitufe cha kuachia magazini kinaweza kuhamishiwa upande wa pili. Lakini umbali wa vilengeo vyake ni zile milimita 150 nilizokutajia. Ingekufaa kama ungekuwa na Glock ya 9mm na unataka ya kufanyia mazoezi kwa gharama ndogo.

Kati ya Mark IV na Buck Mark wengi watakwambia ni ladha tu, na kwa mtu wa mkono wa kulia ni kweli. Kwako si hivyo. Swichi ya usalama ya Buck Mark iko upande wa kushoto peke yake, kidole gumba chako cha kushoto hakiifikii. Mark IV ina swichi pande zote mbili. Mpini wake ni mwembamba pia, na kwa vidole vifupi hilo lina maana. Kuifungua kwa usafi ni kubonyeza kitufe kimoja nyuma, wakati Buck Mark inahitaji ufunguo wa skrubu. Risasi za .22 ni chafu, nyingi zina nta na vichwa vya madini ya risasi visivyofunikwa shaba, utaifungua mara kwa mara. Mimi ningechukua Mark IV.

Jambo moja la lazima kwa Mark IV iliyotumika. Mwaka 2017 Ruger waliziita zirudi zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo, kwa sababu triga ikivutwa swichi ikiwa katikati, si juu wala chini, bastola ingeweza kufyatuka swichi inapomalizia kusogezwa. Chukua namba ya bastola, uwaulize kiwandani kama ni ya kundi hilo na kama ilisharekebishwa. Muuzaji asipokubali kukupa namba, ondoka.

Ukaguzi mwingine: bastola ikiwa tupu na imefunguliwa, angalia ndani ya mtutu kwa mwanga. Mistari ionekane mikali, bila vidoa vya kutu wala pete nyeusi; pete ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Kisha angalia ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Risasi ya .22 hupigwa pembeni, kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo bastola iliyovutwa triga mara nyingi ikiwa tupu inaweza kuwa na kidonda pale pini inapogonga. Kidonda kikiwa kirefu, maganda yatakwama. Skrubu zilizolika vichwa zinakueleza ilikuwa kwa mtu asiye na subira. Na omba kuipiga uwanjani, ukiwa na aina mbili au tatu za risasi, kwa kuwa kila .22 ina risasi inayoipenda. Uliza magazini ngapi zinakuja nayo.

Ukishaipata, mpe mwenzako akujazie magazini huku akichanganya risasi bandia za plastiki bila wewe kujua zilipo. Ukifika kwenye ya bandia utauona mtutu ukiinama, na huo ndio mshtuko wenyewe. Siku mtutu usipoinama, jaribu tena Glock ya klabu, risasi chache tu, kisha rudi kwenye .22. Na risasi ya kweli isipolipuka usiifungue haraka: shikilia mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe.

Vifuniko vya masikio usiviache kwa sababu ni .22. Inasikika ndogo, lakini kwenye mtutu mfupi inaumiza masikio kama nyingine. Osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kuna vumbi la madini ya risasi.

MshotoMtulivu

Nitaomba namba ya bastola kesho. Swali la mwisho: nikipiga Glock ya klabu maganda huruka mbele ya uso wangu. Mark IV nayo inatupa kulia?

KochaWaMstari

Ndiyo, inatupa kulia, na kwako kulia ndiko kifua kilipo. Maganda ya .22 ni mepesi lakini ni ya moto. Vaa miwani iliyoziba pembeni, kofia yenye ukingo, na shati lililofungwa hadi shingoni. Ganda likiingia ndani ya nguo, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha na kidole nje ya triga. Iweke bastola mezani kwanza, ndipo ushughulike na ganda.